Sanduku Si Mchezo

Katika mkutano mmoja wa walimu wa Kiswahili hapa Kampala, tulipofikia suala la namna ya kuwavutia wanafunzi, nilipendekeza tuanzishe katika shule zetu michezo ya ngano: ile ambayo watu watano au sita huketi kuizunguka meza, mmoja wao akasimulia nchi ya kubuni, na wenzake, kila mmoja akiwa mhusika katika nchi hiyo, wakaamua watakwenda wapi na watatenda nini, na penye shaka dadu ikakata shauri. Mwenzetu mmoja, mtu ninayemheshimu sana kwa ujuzi wake wa sarufi, alisimama akasema: "Jambo hili ni zuri, lakini hatuna budi kungoja. Sanduku la mchezo huo ni ghali, vitabu vyake ni vya Kiingereza, na dadu zake ni za namna isiyoonekana madukani kwetu. Tutafute kwanza mfadhili." Mkutano ukapiga makofi, na mwenyekiti akaturudisha kwenye ratiba.

Ndugu walimu, makala haya ni jibu langu kwa makofi yale. Nasema kwamba sanduku si mchezo, kwamba hakuna la kungoja, na kwamba hilo neno "mfadhili" limekuwa kwetu mto wa kulalia.

Kwanza tukumbushane tunashindania nini. Kiswahili hakikukosa vyeo katika nchi hii. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 Katiba ilirekebishwa, kikawa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2020 mtaala mpya wa sekondari ulikifanya somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Vyeo hivyo vyote vyaweza kutundikwa ukutani. Lakini tokeni nje ya lango la shule saa kumi na moja jioni, mkasikilize watoto wanazungumza nini: Kiganda, Kiingereza, na mchanganyiko wa hivyo viwili. Kiswahili kimebaki darasani pamoja na chaki.

Sababu yake yajulikana, ingawa hatupendi kuitaja. Wazee wengi wa mji huu walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kwa askari. Kilikuwa lugha ya kambi tangu siku za King's African Rifles, na katika miaka ya 1970 mkaazi wa Kampala alikijua kuwa lugha ya kizuizi cha barabarani: simama, shuka, leta, lala chini. Mtoto wa leo hakuviona vizuizi vile. Je, sisi tumempa nini badala yake? Taja. Kanusha. Kamilisha. Geuza katika wingi. Hebu mwenzangu yatazame maneno hayo vizuri: nayo ni maamrisho! Mwanafunzi wetu bado anakijua Kiswahili kama lugha ambayo kwayo huamrishwa. Hajapata kukitumia kuombea, kubembelezea, kutania, kuapa, kujitetea, wala kulaghai kidogo pale inapobidi. Hajapata kukitumia kwa sababu anataka kitu.

Mchezo wa ngano humfanya atake kitu. Nilianza na wanafunzi watano wa kidato cha pili, siku za Ijumaa baada ya masomo. Niliwaambia: mmefika ukingoni mwa mto mpana, jua linatua, ng'ambo mnaona moto unawaka. Mvushaji ni mzee mwenye mtumbwi mmoja, naye amekwisha kuufunga. Mzee huyu haelewi Kiganda wala Kiingereza. Mnafanyaje?

Kimya kikatanda. Kisha msichana mmoja, ambaye muhula mzima sikuwa nimemsikia akitamka sentensi kamili, akasema, "Mzee, tuvushe, sisi tuna mgonjwa." Jirani yake akamnong'oneza kwa Kiganda kwamba mgonjwa hawana. "Nyamaza," akamjibu, na kwa Kiswahili, "tutampata." Nikawa mzee wa mtumbwi, nikauliza mgonjwa mwenyewe yuko wapi. Mvulana wa tatu akajibwaga juu ya benchi akashika tumbo: "Ni mimi! Nimekula samaki mbaya!" Wakabishana juu ya ugonjwa huo kwa muda wa robo saa, na mzee akataka malipo, nao wakataka kulipa kesho. Nimefundisha miaka mingi, na sikumbuki kuwa nimepata kusikia wakati ujao ukitumiwa kwa ari namna ile.

Angalieni hila iliyomo, maana ni ndogo na haina gharama. Sikuwakataza Kiganda. Waliponong'onezana kwa Kiganda niliwaacha, kwa kuwa wenzi hunong'onezana kwa lugha ya nyumbani. Ila yule waliyekuwa na haja naye hakuielewa. Kibao cha aibu wanachovishwa watoto shingoni wanaposema lugha ya mama hakijapata kuzalisha msemaji hata mmoja wa lugha yoyote. Mzee mmoja wa mtumbwi amenizalishia watano.

Sasa tuje kwenye hilo sanduku. Mchezo ulioanzisha jamii hii ya michezo huko Marekani, Dungeons & Dragons, ulitolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Huyo Gygax alikuwa amepoteza kazi yake katika kampuni ya bima, akawa akijipatia riziki kwa kushona viatu. Fundi viatu, kama wale waketio chini ya miavuli mjini kwetu. Toleo la kwanza lilikuwa vijitabu vitatu vyembamba katika kisanduku cha dola 10, nakala 1,000 tu, zilizokusanywa kwa mikono nyumbani kwake. Zile dadu za pembe nyingi zinazomtisha mwenzetu hazikubuniwa kwa ajili ya mchezo. Waanzilishi walizipata kwa wauzaji wa vifaa vya shule, zilikokuwa zikiuzwa kwa ajili ya kufundishia hisabati. Na mwaka 1979 dadu hizo zilipoadimika, wenye mchezo waliendelea kuuza masanduku bila dadu, wakatia ndani vipande vya karatasi ngumu vyenye tarakimu, mchezaji avichanganye katika kikombe na kuchomoa kimoja. Naomba jambo hilo lisomwe mara mbili. Wenyewe walipokosa dadu walikata karatasi. Sisi tukikosa dadu tunaunda kamati.

Ni kweli kwamba leo sanduku limenona. Kitabu cha mchezaji kilichotolewa mwaka 2014 kiliuzwa dola 49.95, navyo viko vitatu, yaani fedha ambazo kwa walimu wengi wa hapa ni kodi ya nyumba. Lakini hata huko mlango umefunguliwa: mwezi Januari 2023 kampuni yenye mchezo, Wizards of the Coast, iliitoa hati ya kanuni zake za msingi, kurasa zipatazo 400, kwa ruhusa ya kudumu kwamba yeyote aweza kuitumia, kuirudufu na kuitafsiri mradi ataje ilikotoka. Kwa hiyo hata kisingizio cha haki za mwandishi kimekufa. Hata hivyo nawashauri msianzie huko. Kurasa 400 za kanuni ni dawa ya usingizi, na anayeanzia hapo atatumia muhula wa kwanza akisoma na wa pili akieleza.

Mimi nilianza na ukurasa mmoja. Kila mhusika ana jina, kazi, kitu kimoja anachokipenda na kitu kimoja anachokiogopa. Ana sifa tatu: Nguvu, Akili na Ulimi. Mchezaji hugawa alama sita katika sifa hizo, bila kuzidisha tatu katika sifa moja. Anapojaribu jambo lenye mashaka, hurusha dadu mbili za ludo, zile zile za vibao wanavyochezea vijana wa bodaboda wakingoja abiria, na kuongeza alama ya sifa inayohusika. Akifika 9 amefaulu. Asiye na alama yoyote hufaulu mara 10 katika njia 36 za dadu mbili. Mwenye alama mbili, mara 21. Mwenye tatu, mara 26. Mwalimu wa hisabati akipita dirishani atapata somo lake bure. Asiyetaka ludo na akate vikaratasi kumi, aandike 1 hadi 10, kisha arushe sarafu ya shilingi mia: ikija nembo ya taifa, asome kama ilivyo, akija ng'ombe mwenye pembe ndefu, aongeze kumi. Amepata dadu ya pande ishirini, na sarafu bado ni yake.

Uhai wa mhusika nauhesabu kwa mbegu za mweso. Kila mmoja hupewa nane. Akijeruhiwa arudisha moja au mbili. Nilichagua mbegu hizo kwa makusudi. Mweso ni mchezo wa mashimo 32 na mbegu 64, wenye fikra nzito kiasi kwamba M. B. Nsimbi aliuandikia kitabu kizima mwaka 1968, na mtu aweza kuucheza kwa kuchimba vishimo ardhini na kuokota kokoto. Hakuna Mganda aliyepata kukataa kucheza mweso ati kwa kuwa ubao wa kuchongwa haujafika kutoka ng'ambo. Ramani, basi, ni nyuma ya karatasi ya mtihani uliokwisha. Ukitaka nakala za ule ukurasa wa kanuni, mafundi wa kurudufu wa Nasser Road watakutolea kwa mamia machache ya shilingi.

Hapo ndipo upinzani hubadili nguo. Akishindwa katika fedha, mpinzani husema: lakini huu ni utamaduni wa kigeni, majoka na majabali ya Ulaya, wataka kuwatia watoto kasumba. Loo! Kasumba ni kudhani kwamba ngano ni mali ya Ulaya kwa sababu Ulaya imeitia katika sanduku. Anayeongoza mchezo huu Waingereza wana jina lao la kumwita. Mimi namwita fanani, na hao wanaocheza ni hadhira, ila ni hadhira iliyopewa miguu. Sisi ambao tangu utoto tumeitikia "pakawa" na "tega" ndio tunaambiwa kwamba kusimulia kwa kujibizana ni jambo la kigeni?

Mtazameni Kintu. Amefuata mke mbinguni, na Ggulu, baba wa Nambi, anamjaribu: ale chakula cha umati wa watu peke yake, apasue kuni kutoka mwambani, ajaze mtungi kwa maji ya umande, amtambue ng'ombe wake katikati ya makundi ya ng'ombe wanaofanana, na nyuki ndiye anayemsaidia. Kisha anaruhusiwa kuondoka, na sharti asirudi nyuma, wasije wakafuatwa na Walumbe, ndugu yake Nambi, ambaye ni Mauti. Njiani Nambi anakumbuka kwamba amesahau ulezi wa kuku wake. Nani huko Wisconsin aliyebuni kisa kilichopangika kwa ajili ya meza yetu kuliko hicho? Majaribu yamo, msaidizi yumo, sharti limo, adui yumo, na hata mashimo ya Ttanda alikozama Walumbe yapo, mtu aweza kwenda kuyaona.

Niliwachezesha kisa hicho. Tulipofika kwenye ulezi nikauliza: kuku wana njaa, nyumbani ni mbali, mnafanyaje? Kila mtoto wa Buganda ajua kwamba Nambi alirudi. Watano wale walijua. Na bado walibishana muda wa saa nzima. Mmoja akasema, "Tukirudi, Walumbe atatuona." Wa pili, "Tusiporudi, kuku watakufa, na tutakula nini?" Wa tatu akatoa shauri kwamba wawachinje kuku papo hapo. Yule msichana wa mtumbwi akasema, "Kama Nambi angejua, asingerudi. Sisi tunajua. Kwa hiyo, tukirudi, kosa letu ni kubwa kuliko lake." Mimi niliyekwisha kutumia juma mbili ubaoni nikipambana na -nge- na -ki- nilikaa kimya, nikaandika maneno yake katika daftari langu.

Mzee mmoja niliyemsimulia hayo alikasirika. Aliniambia kwamba hadithi ya mababu si ya kuchezewa, na kwamba mtoto akizoea kumzuia Nambi asirudi atasahau kwamba alirudi. Hili ndilo pingamizi pekee, katika yote niliyoyasikia, lililoninyima usingizi. Jibu langu ni kwamba nasimulia kwanza kisa kama kilivyo, mwanzo hadi mwisho, kisha ndipo tucheze. Na nimeona kwamba aliyejaribu kumzuia Nambi akashindwa humkumbuka zaidi ya aliyemsikia tu. Sikumridhisha mzee. Lakini namshukuru, maana tangu siku ile sichezeshi ngano ambayo wachezaji hawajaisikia yote kwanza.

Anayeogopa hadithi za mababu na achukue kitabu. Kusadikika, aliyoitoa Shaaban Robert mwaka 1951, ni nchi iliyo angani, na wajumbe sita wametumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, na kila arudiye na ujuzi hutupwa gerezani. Wape wanafunzi sita hao wajumbe sita, mmoja mmoja, halafu waje wajitetee mbele ya baraza. Wapo walimu ambao wamekifundisha kitabu hicho kwa kuwakaririsha wanafunzi majina ya wahusika.

Juu ya wale wasemao kwamba mchezo huu ni wa mashetani sitasema mengi. Hofu hiyo nayo imeagizwa kutoka ng'ambo; ilivuma Marekani katika miaka ya 1980, na waliocheza wakati ule leo ni babu zenye wajukuu. Mzazi mwenye wasiwasi na aalikwe aketi mezani. Mmoja alikuja kwangu kuchunguza, akaishia kumfundisha mzee wa mtumbwi namna ya kudai malipo kabla ya safari.

Pingamizi zito zaidi ni la idadi, na sitalificha kwa kuwa nilianguka hapo mwenyewe. Kabla ya wale watano nilijaribu mchezo huu na darasa zima, watoto zaidi ya sitini. Ikawa soko! Waliokaa mbele walicheza, wa katikati walipiga kelele, wa nyuma walifanya kazi ya Kemia. Meza moja haibebi zaidi ya watu sita, na hakuna hila ya kulikwepa hilo. Nilichokifanya ni kuwacheza wale watano kwa muhula mmoja, kisha nikawafanya wao mafanani. Sasa wana meza tano, mimi natembea katikati yao, na Kiswahili cha mafanani wangu kina makosa ambayo mwenzetu wa sarufi angeyalilia. Sikatizi mchezo kusahihisha. Mchezaji akisema "mtu ule," mhusika wangu humjibu, "Mtu yule? Nilimwona jana," na mara ya tatu mtoto mwenyewe husema "yule." Makosa mengine nayaandika, nayarudia darasani Jumatatu. Meza mbili kati ya hizo tano zinasuasua, nikiri. Moja imegeuka kuwa vita visivyokoma, wanaua kila wanayekutana naye kabla hajafungua mdomo. Nimeamuru huko kwamba maiti haitoi habari za njia, nao wameanza kupotea msituni.

Kuhusu mtihani, mwenzangu, sina ahadi. Sijapima, na anayekuahidi alama kwa sababu ya mchezo anakuuzia kitu. Ninachokijua ni kwamba mtoto aliyebishana saa nzima juu ya kuku wa Nambi hashtuki anapoambiwa aandike insha ya mjadala.

Na mfadhili? Akija tutampokea kwa adabu, tutamwomba penseli. Akileta sanduku, tutalifungua, tutatazama picha zake nzuri, na dadu za pembe nyingi tutawapa walimu wa hisabati ambao ndio waliokuwa nazo tangu mwanzo. Lakini Ijumaa ijayo, saa kumi alasiri, mzee wa mtumbwi atakuja kudai fedha zake za juzi, na yule mgonjwa wa uongo ameanza kuumwa kweli. Nimemwekea mwenzetu wa sarufi kiti upande wa dirisha. Aje na jina la mhusika, dadu ninazo.